Tikiti ya Msitu Ipimwe kwa Miguu, Si kwa Shilingi

Mwezi Agosti mwaka wa 2025 palizuka mzozo jijini Nairobi ambao wengi wetu huku Eldoret tuliusoma magazetini kama habari za watu wengine. Shirika la Huduma za Misitu lilitoa agizo kwamba kila aingiaye katika Msitu wa Karura alipe kiingilio chake kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen. Chama cha Marafiki wa Karura, ambacho kwa zaidi ya miaka kumi kilikuwa kikishirikiana na shirika hilo kuutunza msitu, kilipinga agizo hilo na kwenda mahakamani. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa hii: fedha zilipwazo langoni zikishatiririka hadi katika hazina ya mbali, ni nani atakayewalipa walinzi, atakayeurekebisha ua na atakayezoa takataka kesho asubuhi?

Katika hoteli moja karibu na steji ya magari ya Kaptagat nilimsikia mzee mmoja akisema kwamba watu wa Nairobi wakikosa la kugombania hugombania mahali pa kutembezea mbwa. Tulicheka sote. Hata hivyo sikubaliani na mzee wangu yule, kwa sababu mzozo wa Karura unatuhusu sisi wakazi wa mji huu kuliko tunavyodhani.

Sina ugomvi na tikiti yenyewe. Msitu haujitunzi, na askari wa misitu hali majani. Ugomvi wangu ni na kipimo kinachotumika kuipima tikiti hiyo. Wakuu wanapoketi kujadili kiingilio cha msitu wa umma, swali la kwanza huwa ni kiasi gani kitakusanywa, na la pili ni fedha zipitie akaunti gani. Sijasikia wakiuliza tikiti hiyo itawaingiza watu wangapi msituni, au itawafukuza wangapi. Nami nashikilia kwamba hilo ndilo swali lenyewe, kwa maana msitu usiopitwa na watu hauna shahidi, na msitu usio na shahidi hukatwa.

Tutazame kwanza tulicho nacho. Eldoret, uliotangazwa kuwa jiji mwezi Agosti mwaka wa 2024, umezungukwa na misitu ya umma pande nyingi. Mashariki ipo Kaptagat, inayoungana na misitu ya ukingo wa bonde la Kerio. Kusini-mashariki, ukifuata barabara ya Nakuru, kuna Nabkoi na Timboroa. Kapseret iko karibu, upande wa uwanja wa ndege, na kaskazini vinainuka vilima vya Cherangany. Mto Sosiani unaopita katikati ya jiji letu hushuka kutoka upande wa misitu hiyo ya mashariki, na maji tunayoyafungulia mabombani hutoka katika mabwawa ya Chebara, Ellegirini na Two Rivers, ambayo yote hutegemea vyanzo vya huko juu. Mkazi wa Langas anayenunua maji kwa mtungi wakati wa kiangazi ana haki na msitu hata kama hajawahi kuuona mpodo au mwerezi maishani mwake.

Na wengi hawajauona. Hapa ndipo penye ajabu. Mji huu ulikulia katika mbao. Viwanda vyetu vya mbao vimewalisha watu kwa vizazi. Wazee wanakumbuka jinsi miwati ya kampuni ya EATEC ilivyouzunguka mji kama shuka, na jinsi watoto wa mitaa ya pembezoni walivyokuwa wakicheza chini yake, mpaka mashamba hayo yalipouzwa miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, na miti ikaondoka pamoja na hati za ardhi. Tangu hapo mtoto wa Huruma au wa Kapsoya hukua akiujua mti kwa sura ya ubao. Akitaka kuujua ukiwa umesimama, hana budi kupanda gari, kufika penye kizuizi, na kueleza amekwenda kufanya nini.

Likizo moja ya Desemba niliwachukua wapwa zangu wawili niwatembeze katika msitu mmoja ambao sitautaja. Penye kizuizi alikuwapo mtu mmoja aliyevaa koti la mvua, hana beji, hana kitabu cha risiti. Alitusalimu kwa heshima zote. "Mzee, mmekuja kufanya nini?" Nikamjibu, kutembea. "Kutembea kwenda wapi?" Nikasema hatuendi popote, tunatembea tu, watoto waone miti. Alinitazama kwa muda kama mtu anayetafuta ukurasa katika kitabu asiupate. Kibali cha kuni alikijua, cha malisho alikijua, na cha lori la magogo alikijua vizuri zaidi. Cha mtu anayetembea tu hakukijua. Mwishowe akanishauri kwa upole nirudi Jumatatu na barua. Tulipokuwa tukigeuka, trekta lililobeba magogo lilipita, naye akaliinulia kizuizi bila kuuliza neno. Sina sababu yoyote ya kudai kwamba magogo yale yalikuwa ya wizi, na bila shaka trekta lile lilikuwa na karatasi zake. Nataja tu nani aliyekuwa na karatasi siku ile na nani ambaye hakutengenezewa karatasi.

Simlaumu mtu yule. Alikuwa akitekeleza fikra kongwe kuliko yeye na kuliko mimi. Sheria ya Misitu ya mkoloni ya mwaka wa 1942 iliharamisha, isipokuwa kwa kibali, kuwamo ndani ya msitu wa serikali kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi, ila kwa mtu anayepita katika barabara au njia inayotambuliwa. Wasomaji wazingatie kitenzi hicho. Katika saa hizo haikuhitajika mtu akate, achome wala awinde. Kuwamo tu kulitosha kuwa kosa. Uhuru ulikuja mwaka wa 1963, sheria ikabaki. Sheria mpya ya 2005 na nyingine iliyofuata mwaka wa 2016 zilikirithi kifungu hicho, zikaongeza ruhusa kwa wale wanaoshiriki shughuli za utamaduni, za sayansi au za burudani. Burudani basi imo katika sheria zetu, lakini iliingia kama mgeni aliyechelewa, kwa neno moja mwishoni mwa sentensi. Sheria iliyobaki imejaa mbao, mkaa, malisho na moto.

Katiba ya 2010 inazungumza kwa sauti tofauti kabisa. Kifungu cha 62 kinaihesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma, inayoshikwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya watu wa Kenya. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kuyatunza mazingira na ifanye juhudi miti ienee katika angalau asilimia 10 ya nchi. Hesabu iliyofanywa mwaka wa 2021 ilionyesha kwamba tumepita kiwango hicho, tukafika asilimia 12.13 kwa miti yote, ingawa misitu yenyewe ilikuwa asilimia 8.83 tu. Mwenye mali anapoombwa barua ili aitazame mali yake, lazima tuulize ni nani aliyegeuzwa kuwa mwenyeji na nani mgeni.

Nirudi Karura, kwa kuwa ndiko tunakoweza kujifunza. Vijana wa leo wanaokwenda huko kuendesha baiskeli na kupigwa picha za arusi huenda wasiamini kwamba katika miaka ya 1990 msitu huo ulikuwa jina la kuogofya. Watu walitaja wanyang'anyi na maiti. Mwananchi wa kawaida hakuingia. Nao wanyakuzi waliupenda ukiwa hivyo hivyo, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuugawa msitu ambao hakuna aliyeuzoea. Sehemu zake zikagawiwa watu binafsi ili wajenge nyumba. Ndipo Profesa Wangari Maathai na wenzake walipoanza kwenda huko na miche mkononi. Tarehe 8 Januari mwaka wa 1999 walishambuliwa langoni na watu waliowekwa kulinda mahali pale, naye Profesa akapasuliwa kichwa. Nchi nzima ilipata habari, wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana, na nyumba zile hazikuendelea. Mwaka wa 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Sehemu hiyo ya kisa inajulikana na kila mtu. Iliyo muhimu kwa hoja yangu ni ile iliyofuata, ambayo haina damu na kwa hiyo haisimuliwi sana. Baada ya ushindi, msitu ungeweza kurudia upweke wake na wanyakuzi wakarudi kimyakimya miaka kumi baadaye. Haukurudi. Katika miaka ya mwisho wa muongo wa 2000 na mwanzo wa uliofuata, majirani walishirikiana na Shirika la Huduma za Misitu, ua ukajengwa, walinzi wakaajiriwa kutoka vijiji vya karibu, njia zikawekwa alama, na watu wakaitwa waingie. Kwa miaka mingi mwananchi mtu mzima alilipa Sh100, bei ya chai na maandazi mawili katika hoteli ya wastani, naye mgeni kutoka ng'ambo akalipa mara kadhaa ya hizo. Msitu wa hekta zipatazo 1,000, katikati ya jiji lenye njaa kubwa ya ardhi, ukageuka kuwa mahali ambapo hakuna awezaye kukata mti mmoja mkubwa asubuhi bila mtu kumpigia picha kabla ya saa sita. Ua unasaidia, sikatai. Lakini ulinzi wa Karura ni yule mama anayekimbia na viatu vyake vya raba kila Jumamosi, anayeijua kila kona, na atakayepiga kelele akikuta kona moja imebadilika.

Sasa linganisha na misitu yetu ya magharibi. Mwezi Februari mwaka wa 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yote ya umma, ikaunda jopo la kuchunguza. Ripoti ya jopo hilo ilikuwa kali. Iliushutumu uongozi wa shirika lenyewe lililopewa kazi ya kulinda, ikasema ufisadi ulikuwa umeota mizizi na miti ya asili ikiangamizwa. Uharibifu wa namna hiyo haufanyiki kwa siku moja, wala haufanyiki kwa shoka moja. Ulichukua miaka, malori yakipita. Je, kwa nini hatukusikia? Kwa sababu waliokuwamo misituni humo walikuwa ni wenye shughuli: wenye leseni, wenye ng'ombe, wenye mkaa, na walinzi wao. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kupoteza akisema. Mtembezi asiye na shughuli, ambaye hana cha kuficha na hana cha kuomba, hakuwamo. Marufuku yale yaliondolewa mwaka wa 2023, na malori yamerudi kazini. Sipingi, Eldoret haiwezi kuishi bila mbao. Lakini malori yamerudi, watembezi bado wanaulizwa barua.

Tunao ushahidi wa karibu zaidi kwamba miguu huzaa ulinzi. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna mwaka wa 2019, amefanya mazoezi yake Kaptagat kwa miaka mingi, pamoja na wenzake wengi ambao majina yao yamejaa katika kumbukumbu za riadha duniani. Wanakimbia alfajiri katika barabara za udongo, chini ya miti. Baadaye wakfu wa Kipchoge ulijitwika jukumu la kulea sehemu ya msitu huo. Hakuna aliyemshurutisha. Mtu aliyezipita njia zile maelfu ya mara hangeweza kuutazama msitu ukipukutika akanyamaza. Kilichompata yeye kingeweza kumpata mwalimu wa Moi's Bridge au muuza mitumba wa hapa mjini, lau wangeuzoea msitu japo mara nne kwa mwaka.

Najua nitajibiwa kwamba wananchi huitwa msituni kila mara. Ni kweli. Tangu mwaka wa 2017 Dkt Chris Kiptoo na wenzake wamekuwa wakiandaa upandaji miti wa kila mwaka huko Kaptagat, nao umati huwa mkubwa. Tarehe 13 Novemba mwaka wa 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ili ipande miti. Ni kazi njema, na miti mingi imeshika. Ila tazama tunavyoalikwa: tunakuja na majembe, tunapanda, tunapigwa picha, tunarudi. Mche uliopanda wewe, ukitaka kwenda kuutazama Jumapili ya mwezi wa tatu umeendeleaje, utaulizwa una kibali gani. Tumefanywa vibarua wa hiari wa msitu, hatujafanywa wenyeji wake.

Tuje kwenye fedha, maana msomaji mwenye hesabu ameshaanza kutikisa kichwa. Kama bei ni ya chini, atauliza, msitu utaendeshwa na nini? Jibu langu ni kwamba fedha ndogo zinazobaki langoni hufanya kazi kubwa kuliko fedha nyingi zinazosafiri. Marekani, ambako biashara ya tikiti za misitu ya umma imepevuka kuliko kwetu, walipita njia hii na mikwaruzo yake. Walianza kutoza viingilio vya majaribio mwaka wa 1996, watu wakalalamika, na mwaka wa 2004 bunge lao likapitisha sheria iliyoweka mambo mawili ambayo ningetamani wabunge wetu wayasome. Kwanza, kwa kawaida angalau asilimia 80 ya fedha zilizokusanywa zitumike mahali pale pale zilipokusanywa. Pili, mtu anayepita tu kwa miguu katika misitu yao ya umma, bila kutumia vyoo, meza, maegesho na huduma nyingine zilizojengwa, asitozwe kiingilio hicho. Yaani unalipia choo, hulipii kivuli. Kule Norway wamekwenda mbali zaidi: sheria yao ya mwaka wa 1957 inamtambua kila mtu kuwa na haki ya kutembea katika nyika na misitu, mradi asiharibu. Siombi tufike huko kesho, kwa kuwa nchi yao ina watu wachache na misitu mingi, nasi tuna kinyume chake.

Wala si lazima tuvuke bahari kubwa kutafuta mfano. Zanzibar, katika hifadhi ya Jozani anakoishi kima punju, sehemu ya fedha za watalii hurudishwa kwa vijiji vinavyoizunguka, na wakulima ambao mazao yao huliwa na kima hao wamekuwa wakifidiwa kutokana na fedha hizo. Mkulima anayefidiwa hana sababu ya kumchukia kima wala kumtilia sumu. Hapa kwetu, ukienda Kakamega, utaukuta msitu mmoja wenye mabwana wawili. Upande wa Buyangu uko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, upande wa Isecheno uko chini ya lile la misitu, na kila upande una lango lake na kiingilio chake. Ndege hawajaarifiwa kuhusu mpaka huo. Mgeni anayetaka kuuona msitu wote kwa siku moja atatoa mkono mfukoni mara mbili, na akirudi kwao atasimulia hilo kabla ya kusimulia miti.

Kuna kundi moja ambalo sitaki liingizwe kabisa katika mazungumzo ya tikiti, nalo ni majirani wa msitu. Mama wa Kaptagat anayeingia kutafuta kuni kavu, au kijiti cha senetwet cha kuchoma ili atie dawa kibuyu cha mursik, si mtembezi. Sheria ya 2005 na ile ya 2016 zote zilitambua kwamba jamii za misituni zinaweza kutumia, kwa masharti, mazao ambayo ni desturi yao kuyatumia, ilimradi si ya kuuza. Nina hofu kwamba kadiri kiingilio kinavyogeuka kuwa chanzo cha mapato, ndivyo njia ya kisimani itakavyowekewa kizuizi, na yule mama kuulizwa amelipa wapi. Tumekwisha kuonja uchungu wa kumgeuza mwenyeji kuwa mvamizi. Mwezi Januari mwaka wa 2014 Wasengwer walitolewa katika msitu wa Embobut, nyumba zao zikachomwa, kwa jina la uhifadhi. Jeraha hilo halijapona, na mtu yeyote anayebuni vibali vya misitu katika eneo hili anapaswa kulikumbuka kabla ya kuchapisha kibali cha kwanza.

Isitoshe, kuna suala la simu. Kulipa kwa mtandao kuna faida ambayo siwezi kuikana: mtu aliye kizuizini hawezi kutia mfukoni fedha asizozigusa. Nimeeleza hapo juu kuhusu kitabu cha risiti ambacho hakikuwapo. Lakini kuna mabonde katika Kaptagat na Cherangany ambako mtandao huja na kwenda kama ukungu, na kuna wazee wenye simu za kubofya ambao eCitizen kwao ni jina tu. Mwalimu aliyeleta watoto 40 kwa basi asirudishwe kwa sababu mnara wa simu umelala. Kuwepo njia mbili za kulipa hakuwezi kuishinda serikali inayokusanya kodi kwa simu kutoka kwa kila kibanda cha sokoni.

Nitaulizwa pia kuhusu uchafu na moto. Watu wakimiminika, chupa za plastiki zitamiminika nao, na mwenye sigara mmoja katika kiangazi cha Februari anaweza kuteketeza misonobari ya miaka 20. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana nasema kibali kina kazi, ila kazi yake si kuchuma. Wamijikenda wa Pwani wana vibali vikongwe kuliko serikali yoyote iliyopata kutawala nchi hii. Katika kaya zao, misitu mitakatifu ambayo mwaka wa 2008 baadhi yake iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia, mgeni haingii hivi hivi. Anaomba ruhusa kwa wazee. Kaya Kinondo huko Kwale, mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia, na huelezwa asichopaswa kufanya: asichukue kitu, asiache kitu, awe na adabu. Hulipa kidogo, akaongozwa na mtu wa pale. Kitambaa kile hakizuii moto wala hakizoi taka. Kinamkumbusha aliyekivaa kwamba ameingia nyumbani kwa wenyewe. Sisi Wakalenjin na majirani zetu tulikuwa na mahali petu namna hiyo pia, pa maombi na pa jando, ambako mtu hakwenda ovyo. Kibali cha karatasi kilipokuja kilizifuta adabu hizo, kisha hakikuleta nyingine badala yake.

Kwa hiyo ninachowaomba wakuu wa misitu wa eneo hili, na vyama vya misitu vya wanajamii ambavyo kisheria vina nafasi katika mipango ya usimamizi, ni kitu kidogo cha kuanzia. Wachague msitu mmoja kati ya hii iliyo karibu na jiji. Waweke bei ambayo mfanyakazi wa kibarua anaweza kuilipia familia yake Jumapili bila kujuta Jumatatu. Wanafunzi waingie bure kwa orodha ya mwalimu, si kwa barua ya wiki mbili. Mwenye kuja mara kwa mara, mkimbiaji au mtu anayekwenda kufunga na kuomba, auziwe pasi ya mwaka. Njia za majirani zibaki wazi. Halafu, baada ya mwaka, wakuu wahesabu watu walioingia kabla ya kuhesabu shilingi, watuambie idadi hiyo hadharani.

Na pale langoni pawekwe ubao mkubwa unaosomeka kutoka barabarani, kwa Kiswahili, wenye bei, saa za kufungua, nambari ya simu ya kulalamikia, na maelezo ya fedha za mwezi uliopita: zilizoingia ni ngapi, zilizobaki hapa ni ngapi, zimefanya nini. Afisa mmoja niliyemgusia wazo hili aliniambia kwamba kuna gharama. Mafundi wapo, na mbao za kutengenezea ubao hazitakosekana. Mji huu haujawahi kukosa mbao.